Mate ya Mwende

Jumatano, kumi la kati la Ramadhani. Manyunyu tangu alfajiri, yale yasiyolowesha nguo lakini yanaingia mpaka mifupani. Nimeshafuturu, vyombo bado viko kwenye sinki, na mimi nimekaa hapa na donge langu.

Ramadhani hii nimeyaonea wivu mate ya mtu.

Najua linavyosikika. Ngoja nilieleze vizuri, maana nikiliacha hivyo hivyo, mwenyewe nikija kulisoma baadaye nitadhani siku hiyo nilikuwa na homa.

Kwa mgeni anayepita hapa: nafanya kazi kwenye karakana ya kukarabati vitu vya kale, Stratford, Landani, chini ya matao ya reli. Kila treni ikipita juu, brashi zinatetemeka kwenye kopo. Wenzetu wa chumba cha pili wanashughulika na viti na fremu za picha. Mimi na Mwende tuko upande wa sanamu za mbao zilizopakwa rangi, na kusafisha rangi ya kale ni kazi ya mate. Si utani. Unaviringa pamba kwenye ncha ya kijiti cha mwanzi, unaitia mdomoni iloe kidogo, kisha unaibiringisha juu ya rangi taratibu. Uchafu unapanda kwenye pamba, rangi inabaki. Pamba ikichafuka unaitupa na kuviringa nyingine, hairudi mdomoni. Mate yana uvuguvugu, na yana ukali mdogo unaotosha kung'oa masizi bila kuiudhi rangi. Yapo mate ya chupa, ya kutengenezwa kiwandani, lakini Helen, mwenye karakana, hataki kuyaona karibu na uso wa sanamu.

Na mimi nimefunga.

Sanamu yenyewe ililetwa siku chache kabla ya mwezi kuandama, imezongwa mablanketi kama mgonjwa. Ni ya Kichina, ya mbao, ya dini ya Buda, na ina karne kadhaa. Helen hataki kutaja ngapi mpaka majibu ya vipimo vya mbao yarudi. Wenyewe wanamwita Guanyin, na wanasema kazi yake ni kusikiliza vilio vya watu. Urefu wake ni wa mtoto wa shule ya msingi. Amekaa kwa raha zake: goti moja kalinyanyua, mkono kaulaza juu ya goti, mguu wa pili unaning'inia, utadhani mwanamke aliyemaliza kupika na hana haraka ya kupakua. Vidole viwili vimekatika. Mgongoni ana kitundu chenye kifuniko, ambamo zamani watawa waliweka vitambaa na maandiko yao. Sasa kuna vumbi tu.

Rangi ndiyo iliyonimaliza. Juu kabisa ni kahawia ya moshi wa ubani, maana kwenye hekalu alilokuwako watu walifukiza ubani mbele yake kizazi baada ya kizazi. Chini ya moshi kuna waridi laini la mashavuni, na pale waridi lilipopasuka inachungulia dhahabu. Waumini wake walimpaka upya kila alipochakaa, bila kukwangua rangi ya zamani. Kwa hiyo amevaa nyuso kadhaa, mmoja juu ya mwingine.

Siku ile ya kwanza nilisimama mbele yake na koti langu la mvua na kusema moyoni: uso huu ni wangu.

Ni kiburi, sikatai, lakini kina sababu. Pale kwetu nyuso ni zangu. Malaika wa makanisani, mabikira wenye machozi ya kioo, watakatifu waliopoteza pua, wote wamepita mikononi mwangu. Helen akipokea uso ananiita kabla hajavua kofia. Mwende alikuja baadaye sana, msichana wa Mombasa aliyetoka chuoni moja kwa moja, na hakujua hata kuviringa pamba. Ya kwanza aliyoviringa ilikuwa nene kama kidole gumba. Nilimcheka, naye akajicheka, na tangu siku hiyo ni mdogo wangu. Ananiita Dada Zuhura. Kupata mtu wa kupiga naye Kiswahili kutwa nzima kazini, katika Landani hii, ni bahati ambayo wengi hawaipati, na mimi nilikuwa naipata pamoja na viazi karai vyake kila Ijumaa.

Sasa kuna jambo jingine. Helen anataka kupumzika. Kasema kabla ya kiangazi atamteua fundi mkuu wa kumwachia upande wetu wa sanamu. Hakusema kwamba uso wa Guanyin ndio mtihani. Hakuwa na haja ya kusema, sote tulimwona alivyokuwa akiuzunguka.

Siku ya kwanza ya mfungo aliniita ofisini, akafunga mlango, akanikalisha kwenye kiti kizuri. Akasema amesoma kuhusu Ramadhani, anajua sili wala sinywi, na asingependa kunitesa kwa kazi ya mate. Uso atamwachia Mwende. Mimi nitafanya miguu na kibao cha chini, ambapo maji na mate ya chupa yanaruhusiwa. Aliniwekea mkono begani. Alikuwa amejipanga kabisa kunitendea wema, na mimi nikasema asante.

Asante! Nimeirudia hiyo asante kichwani kila siku, kutoka Hounslow mpaka Holborn ninapobadilisha treni, na kutoka Holborn mpaka Stratford.

Ningenyang'anywa kwa ubaya ningejua pa kuanzia. Ningenuna, ningesema, ningetafuta haki yangu. Lakini huyu alinipa pole. Nilimuuliza mpaka mjomba wangu, ambaye dini anaijua kuliko sisi wote, kama kuloanisha pamba mdomoni kunafunguza. Akaniambia nisipomeza kitu hakufunguzi, ila kujiepusha ni bora. Wala jibu lake halikunifaa kitu, kwa sababu mdomo uliokula daku alfajiri una mate gani ikifika adhuhuri? Ulimi unakuwa kama kipande cha gunia. Helen alikuwa sahihi, na hilo ndilo lililozidi kuniudhi.

Nikampigia mama Unguja, nipate mtu wa kunionea huruma. Mama tangu mwanzo hapendi.

"Ramadhani yote hii unakosha masanamu?"

"Ni kazi, mama. Na sasa wamenipa miguu. Uso kapewa mwenzangu."

"Alhamdulillahi! Afadhali miguu, mwanangu. Uso mwachie huyo huyo."

Nikakata simu nikiwa na donge kubwa kuliko nililopiga nalo.

Basi ndivyo nilivyoishi Ramadhani hii. Niko sakafuni kwenye godoro dogo la magoti, nafuta vidole vya miguu vya Guanyin. Juu yangu, kwenye kigoda, amekaa Mwende na taa, na uso. Nasikia kila pamba inavyoingia mdomoni mwake na kutoka. Shavu la kulia likaanza kutokea. Nilikuwa nikiinua macho kwa kujifanya nanyoosha shingo, na kila nikiinua naliona waridi limeongezeka, na midomo ile midogo inatoka kwenye masizi ikiwa na tabasamu la mtu aliyeridhika na huduma. Nilimwonea wivu Mwende. Nikamwonea wivu na Guanyin, anayefukiziwa ubani tangu enzi hizo na hajawahi kuulizwa mate yake yako wapi. Astaghfirullah.

Kijicho kikikuingia hakikuachii macho. Kila alichofanya Mwende nilikisoma vibaya. Kikombe chake cha maua, ambacho zamani kilikuwa hakikauki, sasa kiko kwenye rafu kimefudikizwa. Nikasema, ona, kazi imemnogea mpaka chai haitaki, anataka Helen amwone ana bidii. Mchana, wenzetu wakifungua vyakula vyao chumba cha pili, yeye anavaa koti na kutoka nje kwenye manyunyu. Nikasema, anaringa, hataki hata kukaa na sisi, ameshajiona mkuu. Zamani alikuwa anapiga soga kutwa, sasa anajibu kwa mkato. Nikasema, haya, kichwa kimevimba. Ushahidi wote ulikuwa mbele yangu na hukumu nilikuwa nayo mfukoni.

Jana aliinama akaniuliza, "Dada, hii rangi chini ya jicho la kushoto imeinuka kidogo. Nipite hapa ama nikuachie uangalie kwanza?"

Mimi ule ukingo nilishauona tangu siku ya kwanza. Nilijua umeachana na mbao na unahitaji gundi kabla ya pamba. Nikamjibu bila kuinua kichwa, "Uso ni wako, utaona mwenyewe."

Nimeandika, limetoka.

Leo sasa. Nimetoka kuswali adhuhuri kule stoo, kati ya fremu, nimerudi kwenye godoro langu. Mvua imechoka, treni zinapita. Nikagundua kwamba juu yangu pamekuwa kimya, sisikii pamba wala kigoda. Kisha nikasikia sauti ndogo.

"Dada Zuhura, kuja kidogo. Polepole, Helen asishtuke."

Nikasimama. Mwende alikuwa ameishika pamba hewani, na kwenye pamba kulikuwa na kipande cha waridi, kidogo kama ukucha wa mtoto mchanga. Chini ya jicho la kushoto la Guanyin palikuwa na doa jeupe, ule udongo wa chini kabisa unaokaa kati ya mbao na rangi. Rangi iliyokaa mahali pake karne zote hizo imetoka leo, Jumatano, Stratford.

Nilifurahi.

Sitalipamba. Kabla ya huruma, kabla ya uoga, kabla hata ya kuitazama ile rangi vizuri, kitu cha kwanza kilichonipanda kifuani kilikuwa furaha, na ilikuwa tamu kuliko tende ya futari.

Kisha nikaitazama pamba. Ilikuwa kavu. Pamba iliyoloa haing'oi namna ile, ni pamba kavu inayokwaruza na kunasa ukingo.

"Mbona umetumia kavu?"

"Mate yameniishia, dada. Tangu morning mdomo ni mkavu tu. Nikadhani nitamalizia hapa halafu nipumzike."

"Si ungekunywa chai, Mwende?"

Akanikodolea macho, kana kwamba nimeuliza kitu cha ajabu.

"Chai? Na wewe umefunga hapo chini yangu? Aa, siwezi. Kwetu Majengo mama angenitandika."

Alisema hivyo tu, na aliona kwamba inatosha. Nikamhoji kwa kunong'ona, yakatoka mengine. Amekulia Majengo, Mombasa, nyumba moja na majirani Waislamu, wao Wakristo chumba hiki na wenzao chumba kile. Mwezi wa Ramadhani mama yake alikuwa akiwafungia watoto ndani wakati wa kula mchana, na kuziba chini ya mlango kwa kanga harufu isitoke. Haya hiyo ameivuka nayo bahari akaja nayo Stratford. Tangu mwezi uandame hajanywa hata maji akiwa karibu yangu. Mchana anatoka kutembea ili nisimwone amekaa bure nikaona vibaya. Anakula kwenye treni akirudi kwake. Hajamwambia mtu, na mimi sikumwomba.

Helen aliniondoa kwenye uso ili apate mdomo wenye mate. Na mdomo wenyewe ulikuwa umefunga pamoja na mimi siku zote hizo, juu ya kigoda, bila hata daku. Mate niliyokuwa nayaonea wivu hayakuwako.

Nikapasha gundi ya samaki. Nikaichukua ile rangi kutoka kwenye pamba kwa ncha ya brashi, nikailaza mahali pake, nikaifunika na karatasi laini ya Kijapani na kuikandamiza kidogo kidogo. Mwende alinishikia taa, na midomo yake ilikuwa imepasuka kwa ukavu, kitu ambacho mtu yeyote mwenye macho angekiona siku nyingi zilizopita. Rangi ikakaa. Ukiangalia kwa karibu utaona mstari, lakini imekaa.

Helen akaja na kikombe chake mkononi. Mimi nilikuwa bado najiuliza tuseme nini, au tusiseme. Mwende hakujiuliza. Alisimama akamwambia hapo hapo: nimeng'oa rangi chini ya jicho, nilitumia pamba kavu, Zuhura ameirudisha. Helen akaweka kikombe, akachukua lenzi, akaangalia kwa muda mrefu. Akauliza kwa nini pamba ilikuwa kavu.

"Nilisahau," Mwende akasema.

Hakunitazama. Alijua akisema sababu, lawama itaniangukia mimi na mfungo wangu, na akaona bora aonekane mzembe. Mimi nilikuwa nimesimama pale na brashi ya gundi. Sentensi nzima nilikuwa nayo mdomoni, ya Kiingereza, fupi, imeshajipanga. Nikaimeza. Mdomo mkavu kama ule sijui niliimeza na nini.

Helen akasema kwa upole, ule upole wake, kwamba uso usimame kwanza. Usubiri mpaka baada ya Idi, kisha atanipa mimi niumalize. Mwende atashuka miguuni.

Kwa hiyo nimeupata uso.

Mwende alikaa kwenye lile godoro langu bila kununa. Jioni aliniambia nifuturu vizuri, na akanikumbusha mwavuli. Nimepanda treni nikiwa mshindi, na njia nzima mpaka Hounslow nilitafuta ile furaha ya mchana nisiione. Nilikuta kijicho kile kile, kimekaa pale pale, kimebadilisha tu mtu kinachomlenga. Simwonei tena wivu wa mate. Namwonea wivu kwa vile alivyoweza kusimama na kusema kweli bila kupima kwanza itamgharimu nini. Namwonea wivu kwa kufunga pamoja na mimi siku zote hizi na kuona ni kitu cha kawaida, cha adabu tu. Mimi nafunga kwa amri ya Mola wangu na nimekaa nikihesabu dhambi za mwenzangu kwenye kikombe kilichofudikizwa. Je, ningekuwa mimi juu na yeye chini amefunga, ningeacha chai yangu? Nimejiuliza nikiwa naosha mchele wa daku. Jibu nalijua na halinipendezi.

Ufundi mkuu nautaka bado. Uso nautaka bado, tena sana, nikifumba macho naliona lile shavu la kushoto linaningoja. Lakini nikiuchukua hivi, kila nikiinua macho nitauona na ule mstari chini ya jicho, na mimi peke yangu ndiye nitakayejua ulivyoanza kwa "utaona mwenyewe."

Asubuhi nitaingia ofisini kwa Helen kabla hajavua kofia. Nitamwambia pamba ilikuwa kavu kwa nini. Nitamwambia pia kwamba niliulizwa siku moja kabla na nikajua na sikujibu. Akitaka kumrudishia Mwende uso, amrudishie.

Halafu, kabla sijapiga magoti kwenye godoro langu, nitakishusha kile kikombe cha maua kwenye rafu. Nitamchemshia Mwende chai mwenyewe, ya maziwa, na tangawizi, na sukari nyingi kama wanavyopenda watu wa kwao, na nitasimama mbele yake mpaka aimalize. Kila funda nitalionea wivu. Lakini wivu wa chai naujua, huo unaisha magharibi.